Uria Mhiti na zaburi tunazoimba

Bwana asifiwe, wapendwa. Mmenialika hapa Kengeleni nizungumzie usomaji wa Biblia wa kila siku. Nitamzungumzia mtu mmoja tu, ambaye msomaji wa kila siku hana njia ya kumkwepa: Uria Mhiti.

Biblia ina sura 1,189. Ukisoma tatu nne kwa siku, mwaka haujaisha umemaliza. Tunaotumiana mistari kwa simu huchagua mitamu. Anayesoma kwa mfululizo hachagui: asubuhi anasifu pamoja na Daudi, jioni anamkuta Daudi huyohuyo darini.

Ni 2 Samweli 11. Jeshi liko vitani Raba, mji wa Waamoni, mfalme kabaki Yerusalemu, anamwona Bath-sheba, mke wa Uria askari wake, analala naye, mama anapata mimba. Uria anaitwa kutoka vitani, lakini anakataa kwenda kulala kwake ilhali wenzake wako uwandani. Kisha Daudi anamkabidhi barua ampelekee Yoabu, jemadari wa jeshi, nayo ndiyo inayoagiza auawe. Kaibeba kwa mkono wake mwenyewe! Mimi nikifika hapo hufunga kitabu, sura ya 12 hungoja kesho.

Sasa tazameni waandishi wanavyomtendea. Sura ya 23 ni orodha ya mashujaa wa Daudi, sifa juu ya sifa: yupo aliyeshuka shimoni akaua simba siku ya theluji, yupo aliyepigana hata mkono ukagandamana na upanga. Jina la mwisho kabisa ni Uria Mhiti, kisha jumla: watu 37. Katika 1 Wafalme 15:5 Daudi anasifiwa kwamba alitenda mema siku zote za maisha yake, ila katika habari ya Uria Mhiti. Mathayo naye, akipanga ukoo wa Yesu, hamtaji Bath-sheba kwa jina. Anasema Sulemani alizaliwa na “yule mke wa Uria”.

1 Nyakati 20 ndiyo inayosumbua. Inaanza vilevile, wafalme wanatoka kwenda vitani na Daudi kabaki mjini, halafu mstari huohuo Raba inapigwa. Bath-sheba hayumo, Uria hayumo. Wapo wanaosema mwandishi alimsafisha mfalme. Mimi sikubali moja kwa moja: Uria kamtaja katika orodha yake ya mashujaa, sura ya 11, na dhambi ya Daudi ya kuhesabu watu kaieleza sura ya 21. Shughuli yake ilikuwa hekalu. Lakini anayesoma Nyakati peke yake atatoka na Daudi nusu.

Nasi watu wa Pwani kwa Daudi nusu hatujambo. Nendeni mazishini mkasikilize wasifu wa marehemu, au kwenye mikutano ya siasa. (Msicheke, nanyi mmewahi kusoma wasifu.) Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipoanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili hapa Mombasa mwaka 1844, mwaka aliomzika mkewe, alianza na Mwanzo. Humo Nuhu kalewa, Ibrahimu anamwita mkewe dada yake, Yakobo anamdanganya baba asiyeona. Hao ndio mashujaa wa kwanza aliowakuta katika kazi ile.

Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni: basi zaburi za Daudi tuziache? La hasha. Fungueni Zaburi ya 51, msome kichwa chake. Inatajwa siku nabii Nathani alipomwendea Daudi kumkemea baada ya kuingia kwa Bath-sheba, na imeandikwa “kwa mwimbishaji”. Yaani aibu ya mfalme ilikabidhiwa waimbaji, watu waiimbe hadharani. Hata hivyo mstari wa 4 hunikwaza: “Nimekutenda dhambi Wewe peke yako.” Na Uria je? Sijaridhika na majibu niliyosoma, lakini sitauruka mstari. Nataka tuuimbe huku 2 Samweli 11 imefunguliwa magotini.

Mwalimu wa kwaya, tuanzishie.