Combi ya form five isikufunge maisha, wadogo zangu wa Mwanza

Mwangaluka ndugu zangu wa Mwanza, na nyie wa Musoma, Bukoba na Geita, karibuni. Nimekuja likizo, leo nipo Mwaloni Kirumba, hizo kelele nyuma yangu ni vijana wanapakia dagaa kwenye fuso, na nimesimama hapa makusudi kabisa maana nataka tuongee habari za chuo, hasa nyie mliomaliza form six mnasubiri udahili.

Kuna mama kaniuliza, mwanae kasoma PCB, yaani combi (mchepuo) ya fizikia, kemia na baiolojia, sasa anasema akifika chuo anataka achukue na kozi za historia na falsafa, je huko si kuchezea mkopo wa bodi? Shikamoo mama. Hapana, hachezei, na naomba unisikilize.

Kule ninakoishi, St. Paul, Marekani, kuna vyuo vya sanaa huria, digrii ya kwanza ni miaka minne, mtoto wa kemia anapitishwa kwenye fasihi na historia, wa historia anapitishwa kwenye hesabu na maabara, na fani yenyewe wengi wanaitaja rasmi karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Hata anayetaka udaktari anaweza kuanza na digrii ya historia, ilimradi yale masomo ya sayansi yanayodaiwa ayasome, ndo anaenda shule ya udaktari. Hapo hapo St. Paul kuna chuo kinaitwa Macalester, Kofi Annan alimaliza pale 1961, alisoma uchumi. Sisi huku mtoto ana miaka 17 kashapangiwa PCM (fizikia, kemia, hesabu) au HGL (historia, jiografia, Kiingereza) basi, keshakuwa mtu wa sayansi au mtu wa arts mpaka anazeeka, yaani hili linaniuma sana.

Sasa ngoja nigeuze kamera. Mnamwona huyu sangara kwenye mzani? Hakuwa wa ziwa hili huyu, alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, hesabu ya waliompandikiza ilikuwa furu, wale samaki wa asili wa ziwa hili, ni wadogo, wana miba, hawana soko, tuweke samaki mkubwa awale halafu sisi tumvue yeye. Na wapo wanasayansi waliopinga. Kufika miaka ya 1980 sangara kajaa ziwa zima, furu wamepotea aina kwa aina, viwanda vya minofu vikaota hapa Mwanza, minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya na mama zetu mtaani wakawa wanakaanga mapanki, ule mgongo wenye kichwa uliobaki baada ya nyama yote kuchunwa. Halafu furu ulikuwa unamwanika juani tu anakauka, sangara ana mafuta, lazima umbanike, kuni zinatoka wapi? Miti ikakatwa.

Haya, hilo ni somo la combi gani? Wa baiolojia atakwambia nani kamla nani, wa uchumi atakwambia dola zilizoingia, lakini nani alikuwa na haki ya kuamua juu ya ziwa la watu wote hawa, hapo unahitaji historia, sheria, falsafa ya maadili, na anayetakiwa kuyajua ni huyo huyo dogo wa PCB maana ndo afisa uvuvi wa kesho!

Tena Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama hapo jirani, alifundisha baiolojia Tabora, akaenda Edinburgh 1949 mpaka 1952 akasoma historia, uchumi, fasihi ya Kiingereza na falsafa ya maadili, na 1963 akiwa Rais tayari ikatoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare.

Mzazi anaogopa ajira, na ana haki kabisa, hela ni ngumu. Sisemi mtoto aache PCB. Ila vyuo vyetu vingi vina DS (Development Studies, somo la maendeleo) ya lazima na nyie mnakopi notsi usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inatia uchungu, ile ndo nafasi yako ya kubishana kuhusu nchi yako ukiwa na mwalimu mbele yako.

Kwa hiyo kabla hujathibitisha chuo, uliza kama wanaruhusu kozi za hiari nje ya fani yako na ngapi kwa mwaka. Mlioko Malimbe, Mlimani, Dodoma, niandikieni hapo chini chuo chenu kinaruhusu zipi, ili huyu mama aone na mwanae.