Saa Iliyolipwa na Saa Iliyofanyiwa Kazi
Mhadhara kwa wanafunzi wa uhasibu na benki, Dar es Salaam

Habari za jioni, wanangu. Asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na foleni ya Barabara ya Morogoro mnaijua.

Nimeombwa nizungumzie saa za kazi katika sekta ya fedha. Nianzie mbali kidogo, Marekani. Kule Ofisi ya Takwimu za Kazi huwauliza waajiri kila mwezi, na hutoa wastani wa saa za wiki kwa wafanyakazi wa shughuli za fedha, jimbo kwa jimbo. Kwa nchi nzima wastani huo huzungukia saa 37 na nusu. Ukiusoma haraka utasema kazi ya benki ni raha.

Subirini kwanza. Kinachoulizwa pale ni saa zilizolipwa. Likizo yenye malipo imo, siku za ugonjwa zenye malipo zimo. Mfanyakazi wa nusu siku amechanganywa na wa siku nzima, na hata wanaouza na kupangisha nyumba wamo kwenye kapu hilohilo la fedha. Lakini ofisa wa mshahara wa mwezi asiyelipwa ovataimu, akikesha mezani, saa zake za usiku haziingii popote.

Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Ujanani nilikuwa keshia kwenye tawi moja pale Posta. Mlango ulifungwa saa kumi jioni, na hapo ndipo kazi ya kufunga hesabu ilipoanza. Jioni moja ya mwisho wa mwezi nikapungukiwa shilingi 10,000. Nikafungua mabunda yote, nikahesabu upya, vidole vimekauka, wenzangu wanne wananisubiri maana hatoki mtu mpaka fedha iingie kwenye kasiki. Tuliipata saa mbili kasoro dakika kumi usiku: noti mbili mpya zilikuwa zimenatana. Nikaenda kusaini daftari la mahudhurio. Safu ya kutoka ilikuwa imeshajazwa saa kumi na moja kwa wote. Nikasaini. Nilikuwa na miaka 24 na kazi naitaka. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu saa zile tulizifuta kwa mikono yetu wenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Ziada iwe kwa makubaliano, isipite saa 50 katika wiki nne, na ilipwe mara moja na nusu. Kati ya kutoka na kurudi kazini kuna mapumziko ya saa 12 mfululizo. Kinga ya saa haimhusu meneja anayewajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, lakini keshia inamhusu kabisa!

Sasa chukueni tawi la watu watano. Wanne wanafanya saa 50 kila mmoja, wa tano ni wa nusu siku, saa 20. Jumla 220, gawanya kwa tano: 44. Ripoti itasema tawi liko chini ya kikomo, na wanne kati ya watano wamekipita.

Halafu yuko wakala, yule wa mwavuli pale Manzese, anayefungua alfajiri na kufunga watu wakishalala. Anapokea na kutoa fedha kama mimi nilivyofanya dirishani, ila analipwa kwa kamisheni na si mwajiriwa wa mtu. Hata ule utafiti wa Marekani usingemhesabu, kwa kuwa aliyejiajiri hayumo. Ukiniuliza, nitasema sehemu kubwa ya saa za fedha za jiji hili ziko chini ya miavuli ile, na hatuwezi kudai tunaijua sekta hii bila kumwuliza yeye.

Mwaka huu wengi wenu mtakwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Mkiandika kuhusu saa za kazi, msiridhike na daftari la mahudhurio. Ombeni pia kumbukumbu ya kasiki: ilifungwa saa ngapi, na nani walikuwepo. Jioni ile ya kwetu, vitabu hivyo viwili vingepishana kwa saa mbili na dakika hamsini.