Mninga Tunaouchoma: Mhadhara kwa Maseremala wa Tabora

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie vifaa vya karakana ya nyumbani, na najua wengi mnasubiri nitaje mashine na bei. Nitaanza kwingine: vile vipande vya mninga vinavyobaki chini ya benchi na jioni kugeuka kuni. Naumia kila nikiviona motoni, kwa sababu ndivyo vifaa vyenyewe.

Mbao zote hunywa unyevu na kuutoa. Droo inayoteleza vizuri Septemba, jua likiwa limekausha kila kitu, inakwama Januari mvua zikikolea. Mninga nao hutanuka, ila kidogo sana kuliko mbao nyingi. Kifaa cha kupimia au kuongozea msumeno kinahitaji hasa mti wa tabia hiyo, na sisi tunao.

Kila mwenye msumeno wa meza atengeneze kwanza kitelezi cha kukatia. Ni plaiwudi bapa, chini yake reli mbili za mninga zinazoingia kwenye mifereji ya meza, juu yake ukingo ulionyooka wa kuegemezea ubao. Reli zipigwe msasa mpaka ziteleze bila kucheza, kisha zipakwe nta ya nyuki. Nta Tabora ipo. Ukingo msiupige gundi. Ufungeni kwa skrubu moja mwisho mmoja, na klampu ya kubania mwisho wa pili, ili uweze kusogezwa.

Sasa jaribio. Chukueni ubao wenye kingo mbili sambamba, upana wa sentimita 30 hivi, mkate katikati kwa kitelezi, kukingama upana wake. Nusu moja igeuzeni chini juu, kisha zikutanisheni zote mbili kwenye ukingo uleule wa kitelezi. Zikigusana bila mwanga kupita, mmepata pembe ya digrii 90. Mkiona upenyo, huo ni kosa lenu mara mbili: upenyo wa milimita 1 maana yake mkato umepinda nusu milimita. Sogezeni ukingo, kateni tena, rudieni mpaka mwanga upotee, ndipo mtie skrubu mahali pa klampu na kuzikaza zote. Hamkuhitaji skwea ya bei kubwa ya kupimia pembe, maana ubao wenyewe umesema ukweli. Kwangu mimi hapa ndipo fundi anapotofautiana na mpasua mbao, na ndiyo maana nimekaa hapa muda mrefu.

Wanaojiundia msumeno kwa mota na mkanda, hesabu ni fupi. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya kipenyo cha sentimita 15, ikizungusha puli ya sentimita 7.5 kwenye shafti, inaipa diski ya msumeno mizunguko 2,880. Someni kikomo kilichoandikwa kwenye diski kabla ya kuchagua puli. Kikomo hicho hakivukwi, hata kazi iwe ya haraka namna gani.

Na nawasihi, nyuma ya diski wekeni bamba la chuma lililosimama, jembamba kuliko njia ya mkato lakini nene kuliko mwili wa diski, lisilozidi milimita 8 kutoka kwenye meno. Mti uliokua ukivutana ndani, ukipasuliwa hujifunga nyuma ya diski. Meno ya nyuma yakiubana, ubao unarushwa kwa nguvu kumwelekea aliyesimama mbele. Bamba linazuia mkato usijifunge. Wengi wanaling'oa wakidai linasumbua. Mwanafunzi wenu asiguse mashine isiyo nalo. Kijiti cha kusukumia nacho kikatwe kwenye vipande vilevile vya mninga, kining'inie pale mkono unapofika.

Vumbi msilizoee. Tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linalihesabu vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na la mninga huwasha pua na kifua. Vaeni barakoa, na mashine ikae mahali pa upepo.

Kuna ubao na msumeno hapa mbele. Nani ameleta kitelezi chake? Njoo tukate, tugeuze, tutazame mwanga.