Bafa hii bado imeshikwa na nani?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia memori isiyo na mwenyewe mmoja, na kwa nini kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, hupata tabu kueleza nani anaitumia.

Chukueni simu ya Android. Programu inachora dirisha la nukta 1080 kwa 1920, baiti 4 kwa kila nukta: jumla baiti 8,294,400. Kipande hicho cha memori, yaani bafa, kimeombwa na huduma maalumu ya ugavi, programu inachora ndani yake, na SurfaceFlinger, huduma ya Android inayounganisha picha za programu, inaipeleka kwenye skrini. Hakuna anayenakili kitu, kwani kunakili kiasi hicho kwa kila fremu kungekausha betri bure. Wote wanashika bafa ileile kupitia dma-buf, utaratibu wa kushirikiana bafa bila kuinakili, ulioingia Linux katika toleo la 3.3, mwaka 2012.

Sasa, bafa hii tumwandikie nani? Huduma iliyoiomba imeshaiachia. Tukiwaandikia programu na SurfaceFlinger MB 8 kila mmoja, tumehesabu MB 16 wakati nusu yake haipo. Desturi nzuri ni kugawa sawa kwa sawa, MB 4 kwa 4. Lakini huwezi kugawa kabla hujajua washirika ni wangapi, na kazi yote iko hapo.

Mchakato, yaani programu inayoendeshwa, hushika bafa kwa njia mbili: kwa namba ya faili iliyofunguliwa, au kwa kuiunganisha na anwani zake za memori kwa mwito wa mmap. Ukishafanya mmap unaweza kufunga ile namba, na bafa ikabaki hai. Anayekagua namba za faili peke yake hataiona. Kwa hiyo someni /proc/PID/fdinfo, yenye namba za faili, na /proc/PID/maps pia, yenye mmap (PID ni namba ya mchakato), kisha mlinganishe inodi, namba inayotambulisha faili ndani ya kerneli. Kabla ya toleo la 5.3, mwaka 2019, hata hilo halikuwezekana: bafa zote za dma-buf zilitumia inodi moja. Greg Hackmann ndiye aliyeleta badiliko la kuipa kila bafa inodi yake, na kwangu mimi hilo ndilo lililofungua mlango.

Tazameni fdinfo ya bafa moja:

ino: 1287
size: 8294400
count: 3
exp_name: system

Hiyo count huwapotosha wengi. Haihesabu michakato, bali kila mshiko wa bafa. Mchakato mmoja wenye namba ya faili na mmap umeshahesabiwa mara mbili, na kiendeshi cha GPU, yaani kichakataji cha michoro, kilichoipokea bafa ndani ya kerneli nacho kimo, ingawa hakionekani popote chini ya /proc.

Nasisitiza haya kwa sababu memori ikibana, lmkd, huduma ya Android ya kuokoa memori, huua michakato. Ukiua programu ya mtu katikati ya kazi yake na bafa bado imeshikwa kwingine, hurudishiwi hata ukurasa mmoja wa bafa hiyo. Umemwonea mtumiaji bila faida yoyote. Kwenye simu yenye GB 2, jambo hili linauma.

Basi mkikuta bafa haina mchakato wowote, msiharakishe kuuita uvujaji wa programu, yaani memori ambayo programu imesahau kuiachia. Fungueni /sys/kernel/debug/dma_buf/bufinfo kwenye kifaa cha majaribio, maana kwenye simu za wateja huwa imefungwa, mtazame vifaa vilivyojiunga na bafa ile, kisha mfuate kiendeshi chake.