Baada ya Hospitali: Kevin Pearce na Jeraha Lisiloonekana

MTANGAZAJI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunamzungumzia Kevin Pearce, Mmarekani aliyekulia Vermont, ambaye kufikia mwisho wa mwaka 2009 alikuwa miongoni mwa vijana wachache waliotarajiwa kumtoa jasho Shaun White, bingwa wa Olimpiki wa mchezo wao, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Vancouver. Mchezo wake ni wa kuteleza kwa ubao juu ya theluji, ndani ya mfereji mkubwa wenye kuta pande mbili, ambako mchezaji hupanda ukuta kwa kasi, huruka hewani akijizungusha, kisha hutua ukutani palepale.

MWENZAKE: Ajali ilimpata tarehe 31 Desemba 2009, mjini Park City, Utah, akiwa mazoezini. Alijaribu mruko wa kujibinua mara mbili, akatua vibaya, na kichwa chake kikapiga barafu karibu na jicho la kushoto. Alikuwa na umri wa miaka 22. Naomba wasikilizaji washike jambo moja: kofia ngumu alikuwa ameivaa.

MTANGAZAJI: Kuna watakaouliza, dada, kwamba basi kofia hiyo ina faida gani.

MWENZAKE: Ina faida kubwa, kaka yangu, kwa kuwa hulikinga fuvu lisipasuke na hupunguza nguvu za pigo, na nasema bila kusita kwamba asiyeivaa anajiweka karibu zaidi na kifo. Hata hivyo, ubongo ni kitu laini kilichozungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kinaposimamishwa ghafla, ubongo huendelea kusogea, ukajigonga kwa ndani na kujisokota, hata nyuzi zinazounganisha sehemu zake zikavutika au kukatika. Baadaye huvimba, na kwa kuwa fuvu la mtu mzima halitanuki, uvimbe huo hugeuka kuwa mgandamizo unaozuia damu kufika inakotakiwa.

MTANGAZAJI: Alisafirishwa kwa helikopta hadi hospitali ya Salt Lake City akiwa hana fahamu, kisha akahamishiwa Colorado kwenye hospitali ya utengamao, yaani ya kumsaidia mgonjwa arejeshe uwezo wake. Michezo ya Vancouver ilipofanyika Februari 2010, yeye alikuwa kitandani, huku wachezaji wenzake wakibandika stika za kutangaza kwamba wanateleza kwa ajili ya Kevin. Mimi naziheshimu sana stika zile, kwa maana kampeni yote ya baadaye ilianzia kwenye upendo wa namna hiyo.

MWENZAKE: Nami ningependa tukae zaidi kwenye yale yaliyofuata, kwa sababu hapo ndipo wengi hugeuza macho. Kevin alijifunza upya kutembea, lakini macho yake hayakuona sawasawa na kumbukumbu yake ilikuwa dhaifu. Kwa mtu wa nje alikuwa kijana mzuri, mrefu, mwenye tabasamu. Nilimuuguza mjomba wangu aliyeumia kichwa katika ajali ya pikipiki, na majirani walipomwona amesimama mlangoni walitupongeza kwamba amepona. Hawakujua kwamba usiku aliuliza swali lilelile mara kumi, kwamba kelele za watoto zilimtoa machozi, na kwamba yeye aliyekuwa mpole kuliko wote nyumbani alikuwa sasa akifoka kwa kijiko kilichoanguka.

MTANGAZAJI: Pole sana, dada. Nadhani hata Kevin mwenyewe hakuliona jeraha lake kwa muda, maana alitaka kurudi mashindanoni, ingawa madaktari walikuwa wamemweleza kwamba pigo jingine la kichwa lingeweza kumuua. Familia yake ilimsihi, na ndugu yake David, ambaye ana hali ya Down, yaani hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili, alimwambia waziwazi jinsi anavyoogopa kumpoteza. Tarehe 13 Desemba 2011 alipanda tena ubao huko Breckenridge, Colorado, kwa furaha tu, na hatimaye akakubali kwamba hatashindana tena.

MWENZAKE: Kukubali huko ndiko kulikozaa kazi yake. Yeye na ndugu yake Adam, aliyekuwa karibu naye muda wote wa kuuguzwa, walianzisha wakfu wa LoveYourBrain mwaka 2014. Wangeweza kuchangisha fedha za upasuaji au za mashine, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walichagua kipindi ambacho mgonjwa amekwisharuhusiwa kwenda nyumbani, bima imefika mwisho, na wageni hawaji tena.

MTANGAZAJI: Tueleze fedha za wakfu huo zinafanya nini hasa.

MWENZAKE: Zinagharimia mafunzo ya wiki 6 ya yoga, ya kutuliza akili na ya mazungumzo ya kikundi, ambayo hutolewa bila malipo kwa walioumia ubongo na kwa wanaowatunza. Walimu hufundishwa kwanza, ili wajue kwamba huyu hawezi kuinamisha kichwa bila kizunguzungu, yule anaumizwa na mwanga mkali, na mwingine anahitaji maelekezo mafupi yanayorudiwa. Pumzi na mwendo wa taratibu haviponyi nyuzi zilizokatika, lakini humsaidia mtu kupata tena usawa wa mwili, usingizi na uvumilivu.

MTANGAZAJI: Na mtunzaji hukaa darasani pamoja naye?

MWENZAKE: Ndiyo, hualikwa pamoja naye, na hilo ndilo linalonigusa kuliko yote. Mama yangu alimlisha mjomba kwa miaka miwili, na katika muda huo wote hakuna aliyewahi kumuuliza kama yeye mwenyewe analala.