Ndiyo Niliyoitika Bila Kuelewa

Vijana wenzangu (niruhusuni niseme hivyo, ingawa ndevu zinanisaliti), nimeombwa nizungumzie tarajali za kilimo nje ya nchi, yaani mafunzo ya vitendo mashambani. Nitaanza na kitambaa.

Nilifika kwenye shamba la maziwa ugenini kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Saa kumi na nusu alfajiri mwenyeji wangu akanionyesha kazi, kwa lugha niliyoisoma darasani lakini sikuwahi kuisikia ikisemwa kwa kasi ile. Kamua michirizi ya kwanza kwa mkono, utazame kama ina mabonge. Chovya chuchu kwenye dawa, subiri kidogo, pangusa, valisha mashine. Umeelewa? Nikaitikia: ndiyo.

Jambo moja lilinipita: kila ng'ombe na kitambaa chake. Mimi nilipita na kimoja safu nzima, tena nikijisifu moyoni kwamba nabana matumizi. Sasa, ugonjwa wa kiwele husambaa hivyo hivyo. Bakteria hupanda kitambaa kwa ng'ombe huyu, hushuka kwa jirani yake. Haikupita wiki mbili, ng'ombe watatu walikuwa kwenye antibiotiki, na maziwa yao hayaruhusiwi kuingia kwenye tangi. Unakamua, unamwaga. Mwenyeji hakunifokea. Alisimama mlangoni akanitazama, kisha akauliza: "Unapangusa kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Namna ya kupangusa niliijua, sababu yake sikuijua. Na kwangu mimi, tarajali na kibarua vinaachana hapo. Kibarua anaambiwa afanye nini. Mwanafunzi ana haki ya kudai sababu, na asipodai, basi amesafiri mbali kwenda kufanya kibarua.

Mipango hii si ya jana. Mwaka 1948, vita vikiwa vimeisha juzi tu, vijana wa Marekani na Ulaya walianza kubadilishana kupitia International Farm Youth Exchange, wakiishi ndani ya familia za wakulima. Wazo lilikuwa kwamba ukimkamulia mtu ng'ombe wake na kula mezani pake, kumchukia kunakuwa kazi ngumu. Mwaka 1957 wanafunzi wa kilimo kutoka nchi kadhaa wakaunda umoja wao, IAAS, mjini Tunis. Hadi leo wanapeana nafasi za mafunzo. Na mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyetamani kutoka mjini, akaanzisha WWOOF, mtandao wa kuwapeleka watu wa kujitolea kwenye mashamba ya kilimo hai. Safari ya kwanza walikwenda watu wanne, wikendi moja. Huko hakuna mshahara: jasho lako kwa chakula na malazi. Msiichanganye na tarajali, maana afisa uhamiaji haichanganyi.

Upande wa pili nao tuutaje. Japani ilianzisha mpango wake wa wanagenzi wa kigeni mwaka 1993, baadaye ukaingia hadi mashambani, kwa lengo lililoandikwa vizuri kabisa la kuhamisha ujuzi. Yakafuata malalamiko ya miaka mingi: saa za ziada zisizolipwa, pasi za kusafiria kushikiliwa, vijana kugeuzwa nguvukazi rahisi. Mwaka 2024 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuuondoa mpango huo na kuweka mwingine.

Marekani, kwa viza ya J-1, ile ya wageni wa mipango ya kubadilishana, lazima kuwe na mpango wa mafunzo ulioandikwa na kusainiwa na pande tatu: wewe, mwenyeji, na shirika linalokudhamini. Mwenyeji haruhusiwi kukutumia kuziba nafasi ya mfanyakazi. Mafunzo yakizidi miezi sita, kunafanyika tathmini katikati na nyingine mwishoni. Karatasi safi. Ila nimekutana na vijana waliosaini bila kufungua ukurasa wa pili, ile ile ndiyo yangu ya kitambaa. Uliza makato ya nyumba ni kiasi gani, bima nani analipa, na baada ya kazi ya kwanza utahamishiwa ipi. Pasi yako ikae kwako.

Kuhusu utamaduni, waandaaji hupenda usiku wa ngoma na mavazi. Siudharau, nimecheza. Lakini mimi utamaduni niliukuta bandani. Kuna mashamba ya nguruwe ambayo huingii mpaka uoge na kuacha nguo zako zote nje. Wageni wengine huona wamedharauliwa. Kumbe mwenye shamba naye huoga; homa ya nguruwe ya Afrika hudumu ndani ya nyama iliyosindikwa, kipande cha soseji mfukoni kinaweza kumaliza zizi zima. Na mwenyeji wangu, ambaye kwa miezi miwili niliamini ananichukia kwa jinsi alivyokuwa hasemi, siku moja nilimwona na mwanawe wa kumzaa wakifanya kazi asubuhi nzima kimya vile vile. Nikapumua.

Mwezi wa tano nami nikamuuliza swali lake. Kwa nini tunaanza kukamua na ng'ombe wakongwe wa upande ule? Akafungua mdomo, akaufunga. "Baba alianzia pale," akasema, akaondoka.

Kesho yake alfajiri nilikuta foleni imebadilika. Waliozaa mara ya kwanza walikuwa mbele, wenye historia ya ugonjwa wa kiwele mwisho kabisa. Yeye alikuwa ameshavaa buti, ananisubiri, hasemi kitu.