Rangi ya Mwani wa Kahawia: Panya Walipungua, Je, Sisi?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Bakari, nianze na swali. Ukiutumbukiza mwani mbichi wa kahawia, kama ule uitwao wakame, kwenye maji ya moto, unageuka kijani papo hapo. Ile kahawia inakwenda wapi?

BAKARI: Haijaenda popote, dada. Ndani ya mwani huo mna umbijani, ile rangi ya kijani tunayoiona kwenye majani, na mna rangi nyingine iitwayo fukozanthini. Fukozanthini ikiwa peke yake ni ya manjano inayokaribia rangi ya chungwa. Ila ndani ya mwani imeshikamana na protini, na kwa kushikamana huko inanyonya mwanga wa kijani, ndiyo maana macho yetu yanaona kahawia. Moto ukiiharibu ile protini, umbijani unajitokeza.

ZUHURA: Na mwani unautakia nini mwanga wa kijani?

BAKARI: Baharini mwanga mwekundu humezwa karibu na uso wa maji. Unaopenya chini zaidi ni wa buluu na wa kijani. Kwa hiyo fukozanthini inaukusanya huo uliopo na kuukabidhi kwa umbijani ili chakula kitengenezwe. Mimi hili hunifurahisha kuliko habari zote za vidonge vya fukozanthini vinavyotangazwa kuwa hupunguza unene, kwa kweli.

ZUHURA: Vidonge tutavifikia! Kwanza tuambie iligunduliwa lini.

BAKARI: Richard Willstätter na mwenzake Page waliitenga kutoka kwenye mwani mwaka 1914. Mwaka uliofuata Willstätter akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti wake wa rangi za mimea. Iko kwenye ukoo wa karotenoidi, pamoja na ile rangi ya karoti, ila yenyewe mwili hauigeuzi kuwa vitamini A.

ZUHURA: Sasa hii sifa ya kupunguza unene ilitoka wapi?

BAKARI: Japani, mwaka 2005. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido waliwalisha panya mafuta ya wakame yenye fukozanthini, na mafuta ya tumboni mwa panya hao yakapungua. Lililowashangaza ni sababu yake. Sisi tuna mafuta meupe, yanayohifadhi akiba, na mafuta ya kahawia, ambayo watoto wachanga wanayo kwa wingi. Haya ya kahawia yana protini iitwayo UCP1, ambayo huifanya seli iunguze chakula na kutoa joto tu, bila kuweka akiba. Kwa wale panya, UCP1 ilionekana ndani ya mafuta meupe.

ZUHURA: Yaani ghala likageuka jiko.

BAKARI: Kwa panya, ndiyo.

ZUHURA: Hilo neno "kwa panya" nataka wasikilizaji walisikie vizuri, maana matangazo hulimeza. Kwa binadamu je?

BAKARI: Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya jaribio la wanawake wenye unene uliopitiliza, la wiki 16. Waliopewa fukozanthini walipungua zaidi ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini fukozanthini ile ilichanganywa na mafuta ya mbegu za komamanga! Sasa sifa umpe nani? Halafu kuna suala la kufyonzwa. Ukiila, utumbo unaigeuza kuwa fukozanthinoli, na kwa binadamu inayofika kwenye damu ni kidogo mno. Ukila pamoja na mafuta inafyonzwa vizuri zaidi, kwa kuwa inayeyuka kwenye mafuta.

ZUHURA: Na saratani? Watu wanatuuliza sana.

BAKARI: Kwenye seli zilizokuzwa maabara, imezuia baadhi zisiongezeke. Kutoka hapo hadi kumtibu mgonjwa ni mbali sana. Mgonjwa asiache tiba yake kwa ajili ya mwani, nasema hivi kwa moyo wote.

ZUHURA: Mimi kinachoniogopesha zaidi ni madini joto. Mtu anasikia fukozanthini ni nzuri, anaamua kula mwani mwingi kila siku.

BAKARI: Hapo una haki ya kuogopa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 hivi za madini joto kwa siku. Gramu moja tu ya kombu kavu, aina nyingine ya mwani wa kahawia, inaweza kuwa na zaidi ya mikrogramu 1,000! Madini hayo yakizidi, tezi ya thairoidi, hii ya shingoni, inaweza kuvurugika: ifanye kazi kupita kiasi au izorote. Wakame kwa kawaida huwa na kiasi kidogo kuliko kombu.

ZUHURA: Na ule mwani uitwao hijiki?

BAKARI: Huo una aseniki ya aina iliyo sumu. Uingereza iliwashauri watu wake wasiule tangu 2004.

ZUHURA: Kwa hiyo wewe ungemwambiaje mtu anayependa mwani?

BAKARI: Aule kama chakula, kiasi, na aujue ni wa aina gani. Vidonge vya kupunguza unene mimi simshauri mtu anunue kwa ushahidi uliopo.

ZUHURA: Nami naongeza: mjamzito, au anayetumia dawa za thairoidi, amuulize daktari kwanza, hata kama ni unga wa mwani tu.

BAKARI: Hasa huo unga, dada, kwa sababu mara nyingi hauandikwi umetoka kwenye mwani gani.